Chuo Kilichoelekea Barabarani

Vijana wangu mnaoingia sasa katika kazi ya kupanga miji, nimeombwa niwaandikie kidogo juu ya kazi tuliyoifanya huku Ukambani kabla hamjazaliwa. Sitawaandikia sheria. Sheria mmezisoma, na huenda mnazijua kunishinda. Nitawaambia habari za vyuo, kwa sababu katika miaka yote niliyotembea na utepe wa kupimia mfukoni, kutoka mji wa Kitui hadi milima ya Nunguni, hakuna ombi la ardhi lililonifanya nikae macho kama lile lililoandikwa neno chuo.

Mtu akiomba ploti ya baa, kila mtu anauliza maswali. Kanisa linauliza, chifu anauliza, akina mama wanauliza kwa sauti. Lakini akija mtu kuomba ploti ya chuo, watu wanapiga makofi. Nani atasema watoto wasisome? Nilijifunza mapema kutulia wakati wa makofi hayo na kuangalia ni nani anayepiga kwa nguvu kuliko wengine.

Aliyenifundisha ni Mzee Kilonzo, mkubwa wangu Kitui nilipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya sitini. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye koti la kaki ambalo sijui kama lilipata kuwa jipya. Hakunywa chai ya mtu mwenye ombi mezani kwetu. Siku moja tulikuwa tumetembea juani tangu asubuhi, nikamwambia, "Lakini Mzee, chai ni maji tu." Akanijibu, "Basi kunywa maji."

Siku hiyohiyo, au siku nyingine ya jua kama hilo, tulikwenda kukagua chuo cha wapiga taipu. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja nadhifu, tai shingoni, aliyetaka nyumba ya kuishi igeuzwe kuwa chuo, na pia apewe ploti tupu ya jirani iwe uwanja wa wanafunzi. Alitupeleka chumba cha mbele. Wasichana walikuwa wamekaa kwenye meza, wanagonga mashine kwa kishindo kama mvua juu ya mabati. Mimi nilifurahi sana. Nikamnong'oneza Mzee kwamba chuo hiki kimeshajaa, tuwape uwanja haraka.

Mzee Kilonzo alipita katikati ya meza, mikono nyuma, akainama kwa msichana mmoja kwa heshima kabisa. "Mwiitu, binti yangu, nionyeshe choo kiko upande gani."

Msichana akamtazama jirani yake. Jirani akamtazama mwenye chuo. Mwenye chuo akacheka, "Huyo amekuja wiki hii tu." Mzee akamuuliza mwingine, kisha mwingine. Hakuna aliyejua. Wa mwisho alikuwa bado na unga wa mahindi kwenye viwiko. Tulikuja kusikia kwamba waliazimwa asubuhi hiyo kutoka madukani na kwenye kinu cha kusaga, na ile ploti ya uwanja ilikusudiwa kujengwa nyumba ya kulala wageni.

Tukiwa njiani kurudi ofisini Mzee aliniambia, "Mwanafunzi anaweza kusahau jina la mwalimu wake. Choo hasahau."

Basi tangu siku hiyo mimi huuliza choo. Nyinyi mna kompyuta na picha zinazopigwa kutoka juu, nasi tulikuwa na ramani za karatasi ya buluu zilizonuka dawa hadi macho yanatoka machozi. Lakini hata picha ya kutoka juu haiwezi kuwaambia kama yule aliye darasani anajua kwa kwenda akibanwa. Itabidi mshuke kwenye gari.

Watu wengi hawakuelewa kwa nini baraza liingilie mambo ya chuo. Mwenye chuo angesema, "Mimi nafundisha, wewe unataka nini na ukuta wangu?" Lakini chuo si ukuta peke yake. Chuo kikija, kinakuja na vijana wengi kwa mara moja. Watalala wapi? Maji yao machafu yatakwenda wapi? Wenye nyumba wataanza kugawa vyumba kwa mbao nyembamba, kila chumba kizae viwili. Baa itahamia karibu. Ndiyo maana tulidai ramani, tukabandika tangazo ukutani ili mwenye pingamizi aseme, na tukangoja.

Mapingamizi yenyewe yalikuwa na vituko. Pale Kitui kulikuwa na bweni la chuo kimoja cha kanisa katikati ya nyumba za watu, na majirani walilalamika kwamba wanafunzi wanaimba tenzi alfajiri. Tulimtarajia Mzee Athmani, jirani wa ukuta kwa ukuta, awe mkali kuliko wote, kwa kuwa yeye ni Mwislamu. Alipofika akasema, "Mimi wakati huo nimeshaamka, nimeshaswali. Waimbe tu. Ila maji yao ya kufulia yanaingia jikoni kwangu." Tulikwenda, tukakuta ni kweli. Wale waliolalamikia nyimbo walikuwa wanataka bweni liondoke ili wao wapangishe wanafunzi. Mnaona? Hata kwenye pingamizi inabidi uangalie nyuma ya maneno.

Sasa niwape habari ya Kwa Mbithe, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Kwa Mbithe ni jina nitakaloliita hilo soko, maana jina lake la kweli halina haja. Lilikuwa upande wa Makueni, kwenye mteremko wa milima, siku ambazo Makueni haijawa wilaya. Palikuwa na maduka upande mmoja wa barabara, na upande wa pili uwanja mpana wa umma ambapo siku ya soko kulikuwa na mnada wa ng'ombe na mbuzi. Uwanja huo ulikuwa kama benki ya watu wa chini. Mvua ikikosa, mtu anapandisha mbuzi kutoka bondeni, anauza, anashuka na debe la mahindi. Nilikuwa nimehamishiwa huko miaka ya themanini, baada ya njaa kubwa, na nilikuta watu ambao hawakuhitaji kuelezwa maana ya kuwa na mahali pa kuuzia mbuzi.

Diwani wa hapo tutamwita Mheshimiwa Nzioka. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayejua jina la kila mtoto. Siku moja alifika ofisini kwangu na ombi: uwanja wa mnada utolewe kwa chuo cha biashara na ushonaji. Mwalimu mkuu alikuwa tayari, wanafunzi walikuwa tayari, ardhi peke yake ndiyo haikuwepo. "Watu wetu watauza mbuzi mpaka lini?" akaniuliza. "Hebu fikiria hapo pana jengo, wasichana wetu wanatoka na vyeti."

Alipiga meza yangu kwa furaha. Nikasikia makofi, mnanielewa, na nikaanza kuangalia.

Kwanza nikaenda kukitazama hicho chuo. Kilikuwa ndani ya vyumba vya kupanga nyuma ya kinu cha kusaga, na kinu kikinguruma hata ukipiga kelele husikiki. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa umri wa miaka thelathini na kitu, Mwalimu Ndunge, aliyekuwa amefundisha shule ya msingi akaacha. Nilimuuliza msichana wa kwanza niliyemkuta choo kiko wapi. Akanionyesha kwa kidole, akaongeza kwamba mlango umevunjika na lazima mtu akushikie. Basi nikajua kwamba hapa kuna wanafunzi wa kweli.

Lakini Mwalimu Ndunge hakunipokea vizuri. Alifunga mlango wa ofisi, akabaki amesimama.

"Wewe ndiye mtu wa ardhi," akasema. "Tuliambiwa utakuja."

"Nani aliwaambia?"

"Mheshimiwa. Alisema ameshaongea na wewe na mkaelewana."

"Hatujaelewana chochote. Ombi liko mezani tu."

Akanitazama kutoka viatuni hadi usoni. "Sawa. Kama unataka kuelewana na mimi tena, mimi sina kitu. Unaona vile tunakaa."

Nilitoka pale nimeudhika, na nikiwa na shaka mbili badala ya moja. Ama Mheshimiwa alikuwa amemdanganya huyu mwanamke, ama wote wawili walikuwa wananichezea na yeye amepangiwa kuwa mkali ili mimi nimuonee huruma. Msicheke. Katika kazi hii nimeona mipango yenye akili kuliko hiyo.

Tulibandika tangazo. Pingamizi kubwa lilitoka kwa Mama Kalekye, mchuuzi wa mbuzi ambaye sauti yake ilisikika hadi upande wa pili wa kilima. Alikuja mwenyewe ofisini na kiondo begani, akakataa kiti.

"Mimi nilisomesha watoto kwa mbuzi niliouza hapo," akaniambia. "Sasa mnataka kuondoa mbuzi mlete shule. Hao watoto watalipiwa karo na nini?"

Nikamwambia hilo ni swali zuri nami nitaliandika.

"Usiandike tu. Kule juu wanaandika kila siku."

Mwishoni kamati ya baraza iliamua kugawa uwanja. Upande wa chini ubaki mnada, upande wa juu upewe chuo. Nami nikaweka masharti yangu: majengo yakae nyuma, mlango mkubwa utokee kichochoro cha pembeni, na sehemu yote inayopakana na barabara iachwe wazi iwe uwanja wa wanafunzi. Niliwaeleza wajumbe kwamba mifugo hupita pale na vumbi ni jingi. Hiyo ilikuwa kweli, lakini sababu yangu nyingine sikuisema. Eneo lenye dhahabu pale sokoni lilikuwa lile la barabarani, na nilitaka kuona ni nani atakayelia akinyimwa.

Hakuna aliyelia. Mheshimiwa Nzioka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Nilipata safari ya kwenda upande mwingine, nikakawia. Niliporudi Kwa Mbithe nilikuta mafundi wameshachimba mitaro ya msingi. Nilisimama barabarani nikaona bila hata kutoa utepe. Mitaro ilikuwa imepangwa mstari mmoja ukifuata barabara, pale hasa niliposema paachwe wazi. Vyumba vyake vilikuwa vidogo vidogo, kila kimoja na kijichumba nyuma yake, na mbele kumeachwa ukanda mwembamba kama wa baraza ya duka. Kule nyuma, mahali pa madarasa, majani yalikuwa yamelala vilevile, na punda wa mtu anakula.

"Fundi," nikamuuliza aliyekuwa ndani ya mtaro, "hii ni nini unachimba?"

"Chuo."

"Na hivi vijichumba vya nyuma?"

Akajifuta jasho, akatazama pande zote. "Mzee, mimi nachimba penye nimeonyeshwa."

Ningeweza kuandika amri ya kusimamisha ujenzi palepale. Lakini amri yangu ingepita mikononi mwa watu ambao sikuwa nawaamini hata mmoja, na Mheshimiwa angesema nimekosea kusoma ramani, au nimechukia elimu. Tena sikujua Mwalimu Ndunge anasimama wapi. Kama alikuwa na sehemu yake katika hayo maduka, ningemwambia, naye angemwambia Mheshimiwa kabla jua halijatua. Nilikunywa soda kwenye kibanda nikifikiri, kisha nikaenda kwake.

Nilimkuta anakagua mishono ya wanafunzi. Nikamwambia, "Mwalimu, umeona msingi wa chuo chako?"

"Nimeuona nikipita. Wanaendelea vizuri."

"Uliingia ndani yake?"

"Kuingia kwenye shimo? Kwa nini?" Akaweka chini kitambaa. "Unataka nini, bwana? Umepewa masharti yako yote. Ulitaka uwanja, ukapata. Sasa umekuja na jambo lingine. Kama unatafuta kitu, sema tu tujue."

"Nenda ukaangalie. Mimi sitaki kitu kingine."

"Nitaenda," akasema. "Lakini sitaenda na wewe."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nisingekwenda na mimi.

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa uwanjani mapema, nimesimama karibu na wauza kamba. Mnada ulikuwa umechangamka, ng'ombe wanalia, madalali wanapiga kelele. Kisha nikaona watu wameanza kugeuza shingo. Kutoka upande wa kinu cha kusaga walikuwa wanakuja wanafunzi wa Mwalimu Ndunge, mstari mrefu, kila msichana amebeba kiti chake kichwani. Mwalimu alikuwa mbele, ameshika ubao mdogo mweusi kwapani. Walipita katikati ya mbuzi.

Walipofika kwenye mitaro, Mwalimu Ndunge akasimama.

"Ingieni darasani," akawaambia.

Wasichana wakatazamana. "Darasa gani, Mwalimu?"

"Hili hapa, la pembeni. Wekeni viti kati ya mitaro. Mkae kama kawaida."

Wakaweka. Mstari wa kwanza ukaenea. Wa pili ukaenea kwa kubanana, magoti ya huyu mgongoni mwa yule. Mstari wa tatu viti vikaanza kuteleza mtaroni, na wasichana wengine wote wakabaki nje wamesimama na viti vyao kichwani. Mwalimu akajaribu mahali pa kuweka ubao. Kila alipouweka, ulikuwa juu ya kichwa cha mtu. Watu wa mnada wakaanza kucheka, kisha kicheko kikapungua, maana yeye hakuwa anacheka. Alihamia chumba cha pili, akawapanga tena vilevile. Halafu cha tatu.

Mimi, niwaambie ukweli, hata hapo bado nilikuwa na shaka naye. Nilijiuliza kama labda wamegombana na Mheshimiwa juu ya mgao, na hii ndiyo njia yake ya kumtia adabu.

Mheshimiwa Nzioka akafika akitweta. Mtu alikuwa ameshamkimbilia.

"Mwalimu, ni nini hii? Unaaibisha chuo chetu mbele ya watu."

"Natafuta mahali pa wanafunzi wangu, Mheshimiwa. Hawaenei."

"Hizi ni ofisi. Madarasa yanakuja baadaye, kule nyuma."

"Ofisi zote hizi? Tuko walimu watatu."

"Na stoo. Chuo lazima kiwe na stoo." Akageukia watu akacheka. "Mwalimu wetu ni mtu wa vitabu, mambo ya ujenzi atuachie sisi."

Baadhi ya watu wakacheka naye. Nadhani angeponea hapo. Nilikuwa nimeshaanza kusogea mbele niseme juu ya masharti yangu, na najua wangenisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Lakini mtu mmoja alipenya katikati ya watu kabla yangu. Alikuwa Bwana Musau, mfanyabiashara wa nguo na viatu vya raba kutoka Tawa, ambaye sisi sote tulimjua kwa sababu kila siku ya soko alitandaza turubai pale. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha tatu, kwa msichana aliyekuwa ameweka kiti chake juu ya kamba ya fundi.

"Binti, toka hapo," akamwambia. "Unabomoa ukingo. Hapo ni kwangu."

Msichana akasimama. Mwalimu Ndunge akauliza taratibu, "Kwako vipi, Bwana Musau?"

"Duka langu. La tatu kutoka pembeni. Mheshimiwa mwenyewe alinionyesha."

Hata madalali waliacha kuita bei, wakageuka. Bwana Musau akatazama huku na huku, akaona nyuso za watu, akamwona Mheshimiwa, na polepole akaanza kuelewa kwamba wengine hawakuambiwa.

Mheshimiwa akasema kwa sauti kubwa, "Huyu mtu amelewa!"

"Mimi?" Bwana Musau alipaza sauti ikapasuka. "Mimi nimelewa? Mimi sijaonja pombe tangu niokoke! Uliza kanisa lote la Tawa! Mheshimiwa, si ulikuja kwangu na bibi yangu akakupikia muthokoi? Si uliniambia nichague kati ya la tatu na la tano?"

Akatokea mwingine nyuma ya umati, akasema kwa unyonge, "La tano si ni langu?"

"Aiya!" akasema Mama Kalekye.

Hakungoja zaidi. Alifungua kamba za mbuzi wake, akawaswaga hadi upande wa juu, moja kwa moja kwenye mitaro. Wenye mbuzi wengine wakamfuata. Kwa muda mfupi mitaro yote ilikuwa imejaa mbuzi wanaokanyaga kingo, fundi ameshika kichwa, na wasichana wanaokoa viti vyao. Mheshimiwa Nzioka aliondoka kwa upande wa maduka. Hakukimbia, lakini hakusalimia mtoto yeyote kwa jina.

Niliandika amri siku hiyohiyo, na safari hii hakuna aliyethubutu kuipoteza.

Mngependa niishie hapo, najua. Lakini mambo ya ardhi hayaishii mtaroni. Kamati ilipokutana, Mheshimiwa alisimama akasema kuna watu waliotumwa kuua elimu ya mtoto wa Mkamba, na mmoja wao analipwa mshahara na serikali. Wengine wakaogopa kuonekana wanamtetea, wengine wakaogopa kuonekana wananitetea mimi. Wakatafuta njia ya kutoka, wakaipata: wakafuta ombi lote. Uwanja mzima, juu na chini, ukarudi kuwa mnada. Maduka hayakujengwa. Chuo nacho hakikujengwa.

Nilisimama nikasema sehemu ya chuo ilikuwa halali, ibaki. Nikasema ondoeni diwani, msiondoe wanafunzi. Mwenyekiti akaniambia mambo ya kuondoa diwani si ya idara yangu. Na kweli hayakuwa. Mheshimiwa Nzioka alirudi barazani uchaguzi uliofuata, na niliambiwa alishinda vizuri.

Mwalimu Ndunge alipoteza ardhi, kisha akapoteza vyumba, kwa sababu mwenye kinu alikuwa shemeji ya Mheshimiwa. Alihamisha wanafunzi waliobaki hadi Nunguni, kwenye ukumbi wa kanisa moja lililomhurumia, huko kwenye baridi na ukungu. Wengi hawakumfuata. Nilimtafutia ploti ndogo Nunguni kwa njia za kawaida, kwa tangazo na pingamizi na kila kitu, na nilikagua msingi wake mwenyewe kwa mikono na magoti. Wanafunzi walienea. Lakini ilichukua miaka, na hao wa kwanza waliobeba viti kichwani walikuwa wameshaolewa au wameshatawanyika Nairobi.

Mimi barua ya uhamisho ilinifikia kabla jengo lake halijaezekwa. Nilipelekwa Nuu. Wenyeji wa Nuu wanisamehe, ni watu wema na mbuzi wao ni wanono, lakini siku hizo hapakuwa na kitu cha kupanga. Ukipanga leo, kesho unakuta mwiba umeota pale. Kila mtu ofisini alijua maana ya barua ile, na kila mtu alinipongeza.

Alasiri moja tukiwa tunafunga vyombo, mimi na mke wangu Mama Mwende, Mwalimu Ndunge alifika kutoka Nunguni na kiondo cha maparachichi. Hatukumtarajia. Mke wangu alimpa kiti kilichobaki, akachemsha chai, tukaongea juu ya mabati, juu ya fundi mvivu, juu ya wanafunzi wapya. Aliongea vizuri, akacheka hata. Nikafikiri amekuja kunishukuru, na nikaanza kujiandaa kusema ni kazi tu.

Akaweka kikombe chini.

"Sasa unaenda," akasema. "Hakuna tena kitu cha kuficha. Niambie ukweli, Bwana Muinde. Ulikuwa unamfanyia nani kazi?"

"Vipi?"

"Wale wenye maduka ya upande ule mwingine walifurahi sana maduka mapya yalipokosa kujengwa. Walifanya hata sherehe. Wewe hukula chai ya Mheshimiwa, hukula yangu. Mtu hawezi kukataa chai zote mbili hivi hivi. Kulikuwa na ya tatu. Mimi sina ubaya, nataka tu kujua."

"Hakukuwa na ya tatu," nikamwambia. "Nilikuwa nafanya kazi yangu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anavyomkubalia mtoto anayesimulia ndoto. Kisha akamgeukia mke wangu. "Mama Mwende, wewe unaishi naye. Ni kweli?"

Mke wangu alikuwa anafunga vikombe kwa magazeti. Hakuinua macho.

"Mimi pia nilimuuliza," akasema. "Jibu lake lilikuwa hilo hilo."